Dawa za sonona na pombe: mwongozo kamili kwa anayemeza vidonge na bado anakunywa

Wengi wanaoanza dawa za sonona hawagusii habari za pombe mbele ya daktari. Swali hutoka baadaye, kwenye dirisha la dawa, pakiti ikiwa tayari mkononi: "Jumamosi kuna harusi. Nikiruka kidonge cha siku hiyo, si nitakunywa salama?"

Hapana. Kidonge hakirukwi ili kuipisha bia. Kama kuna cha kusubiri, ni pombe. Hatua zote zilizo hapa chini zimesimama juu ya jibu hilo. Nimemwandikia mtu mzima aliyeandikiwa dawa na tabibu, anayekunywa au aliyekuwa akinywa, na anayetaka kuambiwa ukweli bila kukemewa. Kukemewa humfanya mtu afiche, na anayeficha ndiye ninayemhofia.

Kuruka kidonge hakusaidii kwa sababu dawa hizi haziondoki mwilini kwa siku moja. Sertralini huchukua takribani saa 26 ili nusu yake tu itoke kwenye damu. Amitriptilini huchukua karibu siku nzima, na kwa baadhi ya watu zaidi. Fluoksetini iliyotumika kwa wiki kadhaa huchukua siku 4 hadi 6 kupungua kwa nusu, na mwili huigeuza kuwa kemikali nyingine inayofanya kazi ileile na kudumu hata zaidi. Kwa hiyo aliyeruka kidonge cha Jumamosi anakunywa bia yake dawa ikiwa bado imo mwilini. Hatari ya mchanganyiko haijamwondokea, na juu ya hapo ameyumbisha matibabu. Venlafaksini na paroksetini huonyesha madhara ya kurukwa upesi zaidi: ukikosa dozi moja au mbili unaweza kuamka na kizunguzungu, kichefuchefu, hasira zisizo na sababu, ndoto za ajabu, na hali kama shoti ya umeme inayopita kichwani. Mtu hudhani ni hangova, akaagiza bia ya kuzimua.

Hatua ya 1: Soma jina la dawa kwenye pakiti

Msemo "dawa za sonona" unakusanya dawa za aina nyingi, na hazifanani mbele ya pombe. Chukua pakiti au cheti chako. Kama vidonge vimefungwa kwenye bahasha isiyo na jina, rudi ukaandikiwe; ni haki yako.

Ukikuta amitriptilini, soma kwa makini zaidi. Hii ndiyo iliyozoeleka sana kwenye vituo vya afya na hospitali za wilaya, kwa kuwa ni ya siku nyingi na bei yake ni nafuu. Wapo wanaoimeza bila kujua kuwa ni dawa ya sonona, kwa sababu hutolewa pia kwa ganzi na miguu kuwaka moto kutokana na kisukari au VVU, kwa kipandauso, na kwa maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Nao yanawahusu yote haya. Amitriptilini huleta usingizi, hushusha presha mtu anaposimama ghafla, na ikizidi mwilini huvuruga mapigo ya moyo. Pombe nayo huleta usingizi na kumyumbisha mtu, halafu huongeza jambo la tatu: hulizuia ini kuivunja dawa pale inapopita mara ya kwanza kutoka tumboni, hivyo kiasi kinachofika kwenye damu hupanda. Kidonge kilekile cha miligramu 25 ulichokimeza jana kinakuwa kikali zaidi leo. Matokeo yake ni kuanguka usiku njiani kwenda chooni, au usingizi mzito ambao watu wa nyumbani wanashindwa kumwamsha mtu.

Kwa mnywaji wa kila siku mambo hugeuka. Ini lililozoea pombe huziondoa dawa za kundi hili haraka, kwa hiyo mgonjwa analalamika kuwa dawa haimsaidii, dozi inaongezwa, na siku akiacha pombe dozi ile inaweza kumzidi. Msimamo wangu kwa amitriptilini, na ndugu zake imipramini na klomipramini, ni mmoja: usinywe kabisa kwa muda wote unaoitumia.

Fluoksetini, sertralini, sitalopramu, esitalopramu na paroksetini ni kundi jingine. Usingizi wake ni mdogo zaidi, na ndiyo maana matabibu wengi hawakatazi moja kwa moja glasi moja kwa mgonjwa aliyekwisha kutulia. Hata hivyo kundi hili hupunguza uwezo wa damu kuganda na huongeza uwezekano wa kuvuja damu tumboni. Pombe huchubua tumbo hilohilo. Sasa mwongezee diklofenaki, ibuprofeni au asprini aliyonunua asubuhi kutuliza kichwa, na hatari tatu zimekutana kwa mtu mmoja. Choo cheusi kama lami au kutapika vitu vinavyofanana na masalia ya kahawa ni damu. Hospitali siku hiyohiyo.

Mirtazapini hulaza sana, ichukulie kama amitriptilini. Duloksetini haifai kwa anayekunywa sana au mwenye ini bovu. Bupropioni inaweza kuleta degedege, na hatari hupanda zaidi mnywaji mkubwa anapokatiza pombe ghafla.

Kuna dawa chache za zamani, fenelizini na tranilsipromini, ambazo kwetu ni nadra lakini ndugu walioko Ulaya na Marekani wanaweza kuandikiwa. Hizi na bia ya pipa au pombe yoyote iliyochachushwa kienyeji hazipatani hata kidogo: kemikali ya tairamini iliyomo kwenye pombe hizo inaweza kupandisha presha ghafla mpaka mishipa ya ubongo ipasuke. Linezolidi, wanayopewa wagonjwa wa kifua kikuu sugu, ina tabia inayokaribiana na hiyo. Nayo ikikutana na sertralini au nyingine za kundi lake inaweza kuleta sumu ya dawa mwilini, kwa hiyo kliniki ya kifua kikuu lazima ijue unatumia dawa ya sonona.

Kisha angalia mfuko mzima wa dawa. Diazepamu, fenobabitoni, tramadoli, dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi: kila moja huongeza uzito juu ya pombe. Tramadoli ikichanganywa na dawa za sonona huweza kuleta degedege hata kabla pombe haijaingia. Isoniazidi na parasetamoli, zikiwa pamoja na pombe nyingi, huumiza ini.

Hatua ya 2: Hesabu gramu, usihesabu chupa

"Nakunywa kidogo tu" haimsaidii daktari, na wewe mwenyewe inakudanganya. Shirika la Afya Duniani hutumia kipimo cha gramu 10 za kileo halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani vipimo viwili. Glasi ya mvinyo ya mililita 150 yenye asilimia 12 ina gramu 14 hivi. Toti moja ya mililita 30 ya pombe kali ya asilimia 40 ina karibu gramu 10. Chupa bapa ya mililita 250 yenye asilimia 35 ina karibu gramu 70, na wapo wanaoimaliza peke yao jioni moja wakiita "kachupa kamoja".

Mwili wa mtu mzima huondoa kiasi cha gramu 7 hadi 10 kwa saa. Maji mengi, kahawa, supu ya pweza, kuoga maji baridi, hakuna kinachoharakisha. Aliyemaliza bia tatu saa nne usiku bado anayo pombe kwenye damu karibu na alfajiri, na kidonge alichomeza wakati wa kulala kimeikuta humo.

Pombe za kienyeji hazina lebo. Mnazi uliogemwa asubuhi na mnazi wa jioni ni vinywaji viwili tofauti kwa ukali, na mbege, ulanzi na busaa hubadilika vilevile kadiri zinavyochachuka. Kipimo chake hukijui, kwa hiyo kwa anayetumia dawa hizi sizishauri hata kidogo. Gongo na chang'aa ni mbaya zaidi, kwani hakuna anayejua kama kuna methanoli, kileo chenye sumu, ndani. Kenya ilizika watu wengi waliokunywa pombe yenye methanoli mwezi Mei 2014, na Februari 2024 msiba mwingine ukatokea Kirinyaga. Tanzania ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali za vifuko vya plastiki, mwezi Machi 2017, lakini pombe kali za bei rahisi hazijakosekana.

Tenga daftari dogo au andika kwenye simu kwa wiki mbili: siku, ulichokunywa, kiasi, umelala vipi, umeamka na hali gani ya moyo. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayowafumbua watu macho kuliko maneno yangu yote. Pombe humlaza mtu upesi, kisha humwamsha saa tisa usiku moyo ukimdunda, na siku mbili zinazofuata moyo huwa mzito kuliko kabla ya kunywa. Anayeishi na sonona akiyaona hayo kwa mwandiko wake mwenyewe, hahitaji kuhubiriwa.

Hatua ya 3: Mwambie tabibu idadi kamili

Sema hivi, kwa maneno mepesi: "Daktari, ninakunywa bia nne kila Ijumaa na Jumamosi, na toti mbili karibu kila jioni." Usipunguze. Daktari anachagua dawa kutokana na namba hiyo. Kwa mfano, anaweza kukuepusha na amitriptilini akakupa fluoksetini, au akaagiza kipimo cha ini kwanza. Anaweza pia kukuuliza maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani kuhusu unywaji. Alama 8 na kuendelea humwonyesha kuwa unywaji umefika kiwango cha hatari na nao unahitaji kushughulikiwa. Swali mojawapo linauliza ni mara ngapi unakunywa vipimo sita au zaidi kwa kikao kimoja. Kwa bia zetu za nusu lita, chupa ya tatu imeshafika hapo.

Kama daktari ni mkali na unamwogopa, anza na mfamasia au muuguzi wa kliniki. Au mpe daftari lako alisome mwenyewe.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu hufa: kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate ya kuzimua, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege huweza kuja kati ya saa 6 na 48. Siku ya pili au ya tatu mtu anaweza kuchanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo, akawaka homa. Ndugu wakadhani karogwa au sonona imegeuka wazimu, wakampeleka kwingine wakati anatakiwa wodini. Mwanzo wa Ramadhani na mwanzo wa Kwaresima ni nyakati za kuangalia sana, maana wengi huamua kuacha usiku mmoja. Nia ni njema kabisa. Basi wiki mbili kabla, nenda ukaonwe. Hospitalini huacha kwa mpango, kwa dawa za kutuliza zinazopunguzwa siku hadi siku na vitamini B1 ya kulinda ubongo.

Anza na kituo kilicho karibu nawe. Ikihitajika, watakuandikia rufaa: Mirembe kule Dodoma, Muhimbili, Kidongo Chekundu Zanzibar, Mathari Nairobi, Port Reitz Mombasa, Butabika Kampala, Ndera kwa walioko Rwanda. Kenya, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure 1192 kwa masuala ya ulevi.

Hatua ya 4: Wiki sita za mwanzo, usinywe kabisa

Dawa za sonona huanza kuonyesha nafuu baada ya wiki mbili hadi nne, wengine sita. Madhara madogo kama kichefuchefu, usingizi na wasiwasi hutangulia kabla ya nafuu. Ukinywa katika kipindi hicho, wewe na daktari hamtajua kipi kimesababisha nini. Dozi itabadilishwa kwa kukisia. Utaratibu huohuo rudia kila dozi inapopandishwa au dawa inapobadilishwa. Wiki mbili angalau, mpaka mwili utulie.

Iko sababu nzito zaidi. Wiki za mwanzo, hasa kwa walio chini ya miaka 25, mawazo ya kujidhuru huweza kuongezeka kabla dawa haijaanza kusaidia. Pombe huondoa breki: jambo ambalo mtu angelisubirisha mpaka asubuhi, akilewa hulifanya usiku uleule. Kama mawazo hayo yanakujia, mwambie mtu mmoja leo, na mkabidhi vidonge avitunze akupe kwa siku. Omba kliniki ikupe dawa za wiki mbili mbili badala ya mwezi mzima, hasa kama ni amitriptilini. Familia zinazosoma hapa, tafadhali: kuyauliza wazi mawazo hayo hakumpi mtu wazo jipya. Muulize, msikilize, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali.

Hatua ya 5: Kama daktari amekuruhusu kidogo

Wapo ambao jibu lao ni hapana ya moja kwa moja: aliyewahi kuwa mlevi wa kupindukia, mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa ini, mjamzito, mwenye mawazo ya kujiua, anayetumia dawa za kulaza nilizotaja, na yule ambaye akionja moja hajui kusimama. Huyu wa mwisho anajijua.

Kwa aliyebaki, yaani mtu aliyetulia kwa dawa kama sertralini au fluoksetini na amezungumza na daktari wake, ningesema hivi. Bia moja, basi, na isiwe kila siku. Kula kwanza, chakula cha kushiba. Karanga za kaunta si chakula. Kunywa taratibu, angalau saa moja na nusu kwa chupa, ukipokezana na maji. Mara ya kwanza kunywa ukiwa nyumbani au na mtu anayejua unatumia dawa, kwa kuwa bia moja inaweza kukulevya kuliko ulivyozoea. Usiendeshe gari wala bodaboda usiku huo, usipande ngazi ya ujenzi, usiwashe mashine. Usinywe siku ambayo moyo umejaa huzuni au umetoka kugombana na mtu, maana siku hiyo unainywa pombe kama dawa, na dawa unayo tayari.

Kidonge cha kundi hili kimeze asubuhi kama kawaida, siku hiyo yenyewe na kabla na baada yake.

Ikitokea umelewa, usiongeze amitriptilini wala mirtazapini juu ya pombe usiku huo. Lala, iache dozi hiyo moja, umeze inayofuata kwa saa yake ya kila siku, na usizidishe mara mbili kufidia. Huo ni uokoaji wa usiku mmoja, usiugeuze mpango wa kila Jumamosi. Ikijirudia, mwambie tabibu. Dawa nyingine inaweza kukufaa zaidi.

Hatua ya 6: Mbele ya watu

Mwenye harusi ameagiza kreti, shemeji anapita na kifungua chupa, na kila mtu anauliza mbona hunywi. Neno linalofanya kazi Tanzania nzima ni "niko kwenye dozi." Watu hulielewa, wanajua mtu wa dozi halewi, na wachache huuliza dozi ya nini. Akiuliza, "ya tumbo" inatosha. Huna deni la kumweleza kila mtu ugonjwa wako. Shika glasi yako ya soda au maji tangu mwanzo ili mkono usionekane mtupu. Fika na usafiri wako au na mtu wa kuondoka naye mapema. Mchague ndugu au rafiki mmoja anayejua ukweli, umwambie kabla: "Dada, nikishawishika leo, nitoe hapo." Moshi wakati wa Krismasi, ambapo mbege huzungushwa kwa wazee na kukataa kunaonekana kama dharau, kugusa kata mdomoni na kuipitisha ni heshima tosha, na wazee wengi huridhika.

Kama marafiki zako wote mnakutana glosari tu, kwa miezi hii utawapungukia. Hilo ni gumu kwelikweli, hasa kwa mtu ambaye sonona ilikwishamtenga na watu. Jaribu kuwahamishia sehemu nyingine: mpira mchana, chai ya asubuhi, msibani, shambani, popote penye watu bila chupa.

Hatua ya 7: Dalili za kukimbilia hospitali

Mfundishe mtu unayeishi naye mambo haya. Aliyekunywa huku akitumia dawa akishindwa kuamka ukimtikisa, akipumua polepole sana au kwa kukoroma kusiko kwa kawaida, midomo ikibadilika rangi, akipata degedege, moyo ukienda mbio au ukirukaruka, hiyo ni dharura. Vilevile akitetemeka na misuli kushtukashtuka, akitoka jasho jingi, homa ikapanda na akawa hatulii, huenda dawa zimegongana mwilini. Macho kuona ukungu baada ya pombe kali ni dalili ya methanoli, na kila saa inayopita ina uzito. Na mtu yeyote aliyemeza vidonge vingi kwa pamoja apelekwe mara moja hata kama anaongea vizuri, kwa sababu amitriptilini huweza kumgeuza hali ndani ya saa chache.

Wakati mnatafuta usafiri, mlaze ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo ili matapishi yatoke. Usimnyweshe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi, usimtapishe, usimmwagie maji baridi, na usimwache "alale pombe ziishe". Kaa naye umhesabie pumzi. Mkiondoka chukueni pakiti zote za dawa, hata zilizo tupu, na chupa aliyokuwa akinywa. Mwambie anayepokea wagonjwa mambo matatu: amemeza nini, kiasi gani, saa ngapi.